Maana na Matumizi ya Neno "Kutetemeka"

Mwezi wa Julai, watu washukao alfajiri kutoka Kikuyu, Kabete na Dagoretti kwenda kazini katikati ya mji wa Nairobi huvaa makoti mazito, na asiye na koti hutetemeka. Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na upande wa magharibi nchi huzidi kuinuka. Lakini baridi ni sababu moja tu ya kutetemeka.

Asili ya neno hili ni kutetema, yaani kucheza upesi upesi pasipo kukoma, kama uzi wa zeze ulioguswa. Mtu hutetemeka kwa hofu, kwa hasira, kwa uzee au kwa maradhi. Kutikisika si sawa nako: mti hutikisika kwa upepo, ukienda huku na huku.

Ardhi nayo hutetemeka. Biblia ya mwaka 1952 husema "tetemeko la nchi". Magazeti husema "tetemeko la ardhi". Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipasua ardhi huko Subukia, katika Bonde la Ufa. Tena Julai 2007, matetemeko yaliyotokea karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, yaliwafanya watu wa Nairobi kutoka mbio katika majumba marefu na kusimama barabarani.

Hata hivyo, ni hospitalini ambako neno hili lataka uangalifu zaidi. Mgonjwa wa homa hushikwa na kitapo: hutetemeka, meno yakigongana, lakini kwa kawaida fahamu anazo. Degedege ni jambo jingine. Mtoto hukakamaa na kurukaruka viungo, macho yakageuka, wala hajibu aitwapo. Mama asemaye tu, "Mtoto anatetemeka," aweza kudhaniwa kuwa asema habari za baridi, akaambiwa angoje zamu yake, kumbe mtoto yu hatarini.

Basi mzazi aeleze yote: mwili una joto au hauna, mtoto alijibu au hakujibu, na hali hiyo ilidumu muda gani. Aseme pia kama mtoto ametoka safarini Kisumu au Mombasa, kwa maana malaria ni haba Nairobi kwenyewe kwa sababu ya baridi, na wengi huipata kwingine. Neno lisemwalo sawasawa humwonyesha daktari njia, na huenda likaokoa maisha.