Mwalimu Asiyefundishwa Kupima Kitabu

Kuna kipindi mwalimu wa shule ya msingi Tanzania alikuwa na la kusema kuhusu kitabu atakachofundishia. Sera ya vitabu ya mwaka 1991 iliwafungulia mlango wachapishaji binafsi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ikaingia kwenye akaunti za shule. Somo moja liliweza kuwa na vitabu kadhaa vyenye ithibati ya EMAC, kamati ya serikali iliyoidhinisha vifaa vya elimu, na shule ndiyo iliyotakiwa kuchagua.

Tusiusifu mno wakati ule. Palipokuwa na mwalimu mkuu asiyejua kutofautisha kitabu na kitabu, aliyeamua ni wakala wa mauzo aliyewahi kufika. Na ni miaka hiyohiyo mafunzo ya ualimu wa daraja la IIIA yalipokatwa yakawa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni, ili kuziba pengo la walimu. Mwalimu alipewa uamuzi mkubwa na muda mdogo wa kujifunza kuutumia.

Mwaka 2013 mbunge James Mbatia alipeleka Bungeni hoja ya vitabu vibovu vilivyopewa ithibati. EMAC ikavunjwa, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ikakabidhiwa uandishi: kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo. Kenya nayo, Januari 2018, ilianza kusambaza vitabu kutoka serikalini moja kwa moja, badala ya kila shule kujinunulia. Hatua hizo zilikuwa na sababu zake. Ila mwaka 2017 Watanzania walikuwa wanalalamikia makosa ndani ya vitabu vya TET yenyewe, na chujio pekee lililobaki kati ya kosa na mtoto lilikuwa mwalimu.

Chuoni anajifunza nini kuhusu hilo? Angalia mazoezi ya kufundisha, BTP. Mwanachuo ananunua manila, anakesha akichora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa kalamu za rangi, na mkufunzi akija kutathmini, chati iko ubaoni. Zana ipo, inaonekana, inavutia, alama zinatoka. Kwamba mchoro uleule umo kwenye kitabu kilicho mikononi mwa wanafunzi, hakuna anayeuliza. Jioni manila inapanda juu ya kabati la ofisi.

Sasa chukua hadithi ya darasa la kwanza. Mtoto amefundishwa irabu na konsonanti chache, anasoma "mama", "kaka", "kuku". Ukurasa wa pili unamkutanisha na sentensi: "Ng'ombe amekunywa maji." Maneno matatu tu, lakini ndani yake mna ng', mb na nyw, sauti ambazo hajafika. Mwalimu aliyefunzwa kupima ataona mara moja kwamba mtoto huyu atatazama picha na kukisia. Atawasomea watoto mwenyewe, au ataiweka hadithi kando mpaka muhula ujao. Asiyefunzwa ataona ng'ombe aliyechorwa vizuri, kisha darasa zima litaimba sentensi kwa sauti moja na yeye ataamini wamesoma.

Inasemekana siku hizi hakuna cha kuchagua, kitabu ni kimoja. Si kweli. Tangu mitaala mipya ianze Januari 2024, simu ya mwalimu haikauki: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, nukuu, mitihani, vyote vikirushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, vingine vikiuzwa kwa bei ya vocha. Havina mhariri wala ithibati, na baadhi ni mambo ya muhtasari wa zamani yaliyovishwa jalada jipya. Mwalimu aliyeajiriwa juzi anachagua kila wiki, usiku, peke yake, na bando likikaribia kuisha anachukua faili la kwanza lililofunguka.

MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, inawakutanisha walimu shuleni kwao kujadili ufundishaji, na hapo pana nafasi, lakini mazoea yanakuwa yameshajengeka chuoni. Fomu ya kutathmini BTP haihitaji kuandikwa upya. Iongezwe swali moja: katika kitabu ulichotumia leo, umeacha nini, na kwa nini? Wakufunzi wenyewe watapaswa kulijibu kwanza.