Kusikia si Kukubali: Nahau za Kiingereza Zihusuzo Sikio

Nahau za Kiingereza zihusuzo sikio humponza mfasiri kwa sababu maneno yake ni mepesi. Hata mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha hiyo hujua maana ya "hear" na "ear". Lakini maneno hayo yakiwekwa katika nahau hubeba maana isiyopatikana katika neno moja moja.

Kwanza yafaa tukumbuke upana wa neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio peke yake. Twasikia sauti, na kadhalika twasikia njaa, baridi na harufu. Mtoto "asiyesikia" si kiziwi bali ni mkaidi. Na jirani "wasiosikilizana" huenda kila mmoja ayapata maneno ya mwenzake barabara, ila hawapatani. Ndiyo kusema kwamba kwetu sisi kusikia kumekaribiana mno na kutii na kukubali.

Hapo ndipo penye hatari. Ofisa amjibuye mlalamikaji kwa kauli ya "I hear you" aghalabu hukusudia kusema kwamba ameuelewa msimamo wake, wala hajaukubali. Kauli hiyo ikifasiriwa "nimekusikia", mlalamikaji aweza kurudi nyumbani akiamini kwamba ombi lake limepita. Tafsiri iliyo salama ni "nimeelewa usemayo"; na ikiwa uamuzi haujatolewa, mwandishi hana budi kulitamka jambo hilo waziwazi.

Mfano mwingine umo katika barua za ofisi, ambazo nyingi humalizika kwa maneno "tunatazamia kusikia kutoka kwako". Hiyo ni tafsiri sisisi ya "we look forward to hearing from you". Kinachongojwa ni jibu, nalo kwa kawaida litasomwa. "Tunangoja jibu lako" yatosha.

Si nahau zote zenye matatizo. "To be all ears" ni kutega sikio. "To turn a deaf ear" ni kutia pamba masikioni. Na jambo liingialo sikio hili na kutokea lile husemwa vivyo hivyo katika lugha zote mbili. Lakini "to play it by ear" imetoka katika muziki, kwa mpigaji ala asiyesoma noti. Maana yake leo ni kuamua kadiri mambo yanavyojitokeza, na katika Kiswahili sikio halihitajiki hata kidogo.

Katika sheria uteuzi wa neno ni mzito zaidi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 humpa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Neno "kusikilizwa" limestahili mahali hapo, kwa kuwa "sikiliza" lina makusudi na uangalifu ndani yake. Sauti ya mtu yaweza kusikika barazani na hoja zake zisipimwe. Mtu huyo hajasikilizwa.

Kwa hiyo mfasiri, kabla ya kuandika, na ajiulize: nahau hii yahusu sauti, uangalifu, habari, au ridhaa? Akishapata jibu, ateue neno la Kiswahili lenye maana hiyo, hata kama sikio limeachwa nje.