Tovuti za kutangaza vitabu: mwandishi analipia nini? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi mwandishi anavyoweza kujichapishia kitabu, na gharama za uhariri na jalada. Leo tunafika mahali wengi wanapokwama. Kitabu kiko Amazon, jamaa na marafiki wamekwishanunua, na mauzo yamesimama. Ndipo inapoingia barua pepe kutoka tovuti fulani, ikiahidi kukitangaza kitabu kwa maelfu ya wasomaji kwa dola 30, 100 au zaidi. Alipe?

Aliyeandika kwa Kiingereza, hasa riwaya za mapenzi au upelelezi zinazofuatana, huenda akanufaika. Aliyeandika kwa Kiswahili abaki na pesa zake. Nasema hivyo nikijua kwamba si tovuti zote ni za matapeli. Baadhi hufanya kazi halali na kuifanya vizuri.

Biashara hii ilikua baada ya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kidijitali, kuingia sokoni mwaka 2007. Vitabu vya bei ya chini vilipofurika, zikazuka tovuti za kuwachagulia wasomaji. Nyingi ziliishi kwa kamisheni: msomaji akipitia kiungo chao na kununua kitu Amazon, wanapata chochote. Mwaka 2013 Amazon ikakaza masharti. Tovuti ambayo wateja wake walipakua vitabu vya bure 20,000 au zaidi kwa mwezi, navyo vikawa asilimia 80 au zaidi ya vitabu vyote, ilinyimwa kamisheni ya mwezi huo. Kutegemea vitabu vya bure kukawa hatari, na ada ya mwandishi ikazidi kuwa na thamani kwa wenye tovuti.

Inayojulikana zaidi ni BookBub, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012. Msomaji hujiandikisha bure, hutaja aina za vitabu anazopenda, kisha hupokea barua pepe yenye vitabu vilivyopunguzwa bei. Mwandishi hutuma maombi, wahariri huchagua, na wengi hukataliwa. Anayekubaliwa hupunguza bei kwa nusu au zaidi, ndipo hulipa. Ada hutegemea aina ya kitabu: riwaya za uhalifu zina wasomaji wengi, kwa hiyo ada ya kuzitangaza hufika mamia ya dola, na mara nyingine hupita elfu moja.

Huko kukataliwa ndiko kunakoipa tovuti thamani. Mwandishi halipii tangazo, analipia orodha ya watu waliozoea kununua kwa sababu hawajaletewa takataka. Tovuti inayomkubali kila mwenye dola 30 haina cha kulinda, na mara nyingi wafuasi wake ni waandishi wengine walioingia hapo kutangaza vya kwao. Soko limejaa wauzaji, mnunuzi hayupo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ndoto nyingi hufa. Amazon humpa mwandishi asilimia 70 ya bei ya kitabu cha kidijitali kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, katika nchi inazozitaja. Akishusha bei hadi senti 99, kama tovuti hizi zinavyopenda, mgao kwa kawaida huwa asilimia 35, yaani takriban senti 35 kwa nakala. Kisha Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye mrabaha unaopatikana huko, kwa mwandishi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba huo. Zinabaki senti 24. Aliyelipa dola 100 lazima auze zaidi ya nakala 400 ili arudishe mtaji tu. Upo mpango wa Amazon unaoruhusu kushusha bei kwa siku chache na kubaki na asilimia 70, lakini sharti ni kutouza kitabu hicho cha kidijitali mahali pengine kwa siku 90.

Wanaofaidika ni wenye vitabu vinavyofuatana. Cha kwanza huuzwa kwa hasara, msomaji akinogewa hununua cha pili na cha tatu kwa bei kamili. Mwenye kitabu kimoja hana pa kuifidia hasara hiyo.

Kuna tawi la biashara hii ambalo mwandishi asiliguse kabisa: kununua sifa. Mwaka 2012 gazeti la New York Times lilimwandika Mmarekani Todd Rutherford, aliyeuza uhakiki mmoja kwa dola 99 na 50 kwa dola 999. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo John Locke, ambaye mwaka mmoja kabla alitangazwa kuwa mwandishi wa kwanza aliyejichapishia kuuza nakala milioni moja kwenye Kindle. Tangu Oktoba 2024 kanuni za Marekani zinaruhusu faini ya zaidi ya dola 51,000 kwa kila kosa la uhakiki bandia. Amazon nayo huufuta, na inaweza kuifunga akaunti ya mwandishi.

Turudi kwa mwandishi wa Kiswahili. Orodha za tovuti hizi kwa sehemu kubwa ni za wasomaji wa Kiingereza walioko Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Amazon haina duka la Afrika Mashariki. Msomaji wa Mbeya au Malindi atakiona wapi kitabu, na atakilipiaje ikiwa hela yake iko kwenye simu? Njia zilizowahi kuuza riwaya huku kwetu ni nyingine kabisa. Hadithi za mwandishi Mtanzania Eric Shigongo zilitoka magazetini kipande kwa kipande, na msomaji akazizoea kabla ya kukishika kitabu. Kipande cha namna hiyo leo kinaweza kwenda kwenye kundi la WhatsApp, na namba ya malipo chini yake.

Ukiwa bado unashawishika, waulize wenye tovuti kwanza: katika orodha yenu, wangapi wamejiandikisha kwa ajili ya vitabu kama changu, na katika lugha yangu? Wasipokupa tarakimu, usilipe. Wiki ijayo: mkataba wa mchapishaji na vipengele vya kukataa.