Je, Wajua? Vita Baridi Ilifika Hadi Unguja

Wanafunzi wa sekondari wakifika mada ya Vita Baridi hukariri Berlin, Cuba na Vietnam. Lakini je, wajua kwamba mvutano huohuo ulipita pia Zanzibar na Dar es Salaam?

• Tunguu, kisiwani Unguja, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kiliwasiliana naye. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964.

• Serikali ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo Ujerumani Magharibi ilitishia kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayothubutu kufanya hivyo. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipozaliwa Aprili 26, 1964, Mwalimu Nyerere akajikuta katikati ya Ujerumani mbili. Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, Mwalimu aliitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali.

• Nyumba za ghorofa za Kikwajuni, mjini Zanzibar, zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

• Nchi za Magharibi zilipokataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, China ilitoa mkopo usio na riba. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975.

Swali la mtihani likitaka mifano ya Vita Baridi barani Afrika, anza na hii.