Mtaala wa Uingereza ugenini: shule huchaguliwa kwa kutazama mtoto anapoingia na anapotoka

Shule za kimataifa zinazofuata mtaala wa Uingereza zimeenea karibu katika kila mji mkubwa unaovuta wafanyakazi wa mataifa mbalimbali, na mjini Dubai ndizo zinazoongoza kwa idadi ya wanafunzi miongoni mwa shule binafsi, zikizipita hata zile za mtaala wa India. Kwa mzazi kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala aliyepata kazi huko, wingi huo huzidisha mashaka, kwa sababu karibu kila shule hujinadi kwa maneno yaleyale na huonyesha picha za mabwawa ya kuogelea yaleyale. Makala haya yanashikilia kwamba kabla ya kuuliza shule ipi ni bora, mzazi anapaswa kujua mtoto ataingia katika mwaka gani wa mtaala na huenda akaondoka katika mwaka gani, kwa kuwa familia inayohamahama kikazi huumizwa zaidi na uhamisho unaotokea wakati mbaya kuliko na shule ya kiwango cha wastani.

Mtaala unaozungumziwa kwa hakika ni wa England, uliowekwa kwa Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya mwaka 1988. Scotland ina mfumo na mitihani yake, na Wales nayo ilianza kutumia mtaala wake mpya mwaka 2022. Mtaala wa England umegawanywa katika vipindi vinavyoitwa hatua kuu, na kila hatua ina maarifa ambayo mtoto anatarajiwa awe nayo anapoimaliza. Baada ya elimu ya awali, inayofikia umri wa miaka 5, hatua ya kwanza hubeba Mwaka wa 1 na wa 2, ya pili Mwaka wa 3 hadi wa 6, ya tatu Mwaka wa 7 hadi wa 9, na ya nne, yaani Mwaka wa 10 na wa 11, huishia kwenye mitihani ambayo England huitwa GCSE. Nje ya nchi hiyo unaofanywa zaidi ni IGCSE, mtihani wa aina hiyohiyo uliotungwa kwa ajili ya shule za kimataifa, ambao Cambridge iliufanyisha kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Kwa kuwa mtoto wa England huanza Mwaka wa 1 akiwa na miaka 5, namba ya darasa lake huwa mbele kwa moja, pengine kwa mbili, kuliko ya mtoto wa umri huohuo aliyeko Kenya au Tanzania. Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ametoka darasa la nne na kupangiwa Mwaka wa 5 au wa 6 asidhani kwamba amerushwa darasa, kwani shule imetazama tarehe ya kuzaliwa tu.

Tofauti nyingine, inayosahaulika mara nyingi, ni ya kalenda. Mwaka wa masomo wa Kenya na Tanzania huanza Januari, ilhali wa shule hizi huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hivi kwamba mtoto aliyefunga shule Desemba nyumbani hufika Januari na kukuta wenzake wameshamaliza muhula mzima. Katika hatua tatu za kwanza jambo hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa mada nyingi hurudiwa mwaka baada ya mwaka kwa kina kinachoongezeka, na mwalimu makini huziba pengo katika wiki chache. Katika hatua ya nne hali hugeuka kabisa, maana Mwaka wa 10 na wa 11 ni kozi moja ya miaka miwili inayoelekezwa kwenye silabasi mahususi ya mtihani, na mtoto anayeingia Januari ya Mwaka wa 11 huwa amebakiwa na takriban miezi minne kabla ya karatasi za Mei na Juni. Mzazi mwenye uwezo wa kujadiliana na mwajiri wake kuhusu tarehe ya kuhama afanye kila awezalo ili uhamisho uangukie kabla ya Mwaka wa 10, au baada ya mitihani ya Mwaka wa 11, kwa sababu hakuna ubora wa majengo wala wa walimu utakaofidia muda huo.

Ugumu huongezeka kwa sababu mitihani hiyo haitungwi na chombo kimoja. Bodi za mitihani, yaani taasisi zinazotunga silabasi, kusahihisha karatasi na kutoa vyeti, ni kadhaa, na zinazokutana zaidi na shule za ughaibuni ni Cambridge, Pearson Edexcel na OxfordAQA; shule moja huweza kufuata Cambridge katika hisabati na Pearson katika fizikia. Hisabati yenyewe inatosha kuwa mfano. Katika silabasi ya Cambridge yenye namba 0580, tangu mitihani ya mwaka 2025 mtahiniwa hufanya karatasi moja bila kikokotoo, ilhali katika ile ya Pearson yenye namba 4MA1 kikokotoo huruhusiwa katika karatasi zote mbili, na mtoto anayehama kutoka ya pili kwenda ya kwanza katikati ya safari hulazimika kujenga upya ustadi ambao hakuwahi kudaiwa. Isitoshe, silabasi hiyo ya Cambridge ina ngazi mbili, ya msingi na ya juu, na anayesajiliwa katika ngazi ya msingi hawezi kupata zaidi ya alama C hata akijibu kila swali kwa usahihi. Wazazi wengi hugundua hilo wakati mtoto anapotaka kuendelea na hisabati na kukataliwa. Katika fasihi ya Kiingereza hali ni nzito zaidi, kwa kuwa vitabu teule hutofautiana kati ya bodi na bodi, na riwaya iliyosomwa mwaka mzima inaweza isiwe na swali hata moja katika mtihani mpya. Kwa sababu hiyo, swali la maana zaidi ambalo mzazi anaweza kuiuliza shule yoyote ni bodi na namba ya silabasi ya kila somo, kisha ailinganishe orodha hiyo na ya shule anayoiacha.

Baada ya miaka 16 huja Mwaka wa 12 na wa 13, inayoishia kwenye A-Level, na hapa mzazi wa Afrika Mashariki yuko katika ardhi anayoijua kuliko anavyodhani. Watahiniwa wa eneo hili walifanya mitihani ya Cambridge kwa miongo mingi, hadi Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake, NECTA, mwaka 1973. Tahasusi za kidato cha tano na sita nchini Tanzania, kama PCM na PCB, na masomo makuu ya ngazi hiyohiyo nchini Uganda, ni matawi ya mti huo mmoja, ambapo mwanafunzi huchagua masomo matatu na kuyachimba. Mkenya aliyesomea mfumo wa 8-4-4, ulioondoa ngazi hiyo, ndiye anayehitaji maelezo zaidi, hasa kwamba uchaguzi wa masomo matatu akiwa na miaka 16 hufunga milango ya kozi nyingi za chuo kikuu, kwani asiyechukua kemia, kwa mfano, hubakiwa na vyuo vichache mno vya udaktari vya kuomba.

Kwa familia isiyojua itakuwa wapi baada ya mwaka mmoja, kuna jambo moja katika ngazi hii linalostahili kuthaminiwa kuliko matokeo yanayotundikwa ukutani. A-Level ya kawaida ya England, baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 2015, hupimwa yote mwishoni mwa miaka miwili, lakini A-Level ya kimataifa ya Pearson imegawanywa katika moduli, na alama za moduli aliyoimaliza mwanafunzi husafiri naye hadi shule nyingine inayofuata silabasi hiyo. Cambridge nayo huruhusu nusu ya kwanza ya kozi, inayoitwa AS, ifanyiwe mtihani mwisho wa Mwaka wa 12 na matokeo yake yabebwe mbele kwa muda wa miezi 13. Shule mbili zilizo mtaa mmoja, zenye ada moja na sifa moja, zinaweza kutofautiana katika jambo hili pekee, na kwa mtoto ambaye mkataba wa mzazi wake unaisha katikati, tofauti hiyo ni mwaka mzima wa maisha yake.

Kuhusu majina yanayovutia, tahadhari inahitajika, ingawa haina haja ya kurefushwa. Dubai ina shule kongwe zisizoendeshwa kwa faida, kama Dubai English Speaking School iliyoanzishwa mwaka 1963 na Dubai College ya mwaka 1978. Ina kampuni kubwa za kibiashara, kama GEMS na Taaleem. Tena ina matawi yanayobeba majina ya shule mashuhuri za England kwa makubaliano na wamiliki wa huko Dubai. Jina halithibitishi mtaala. North London Collegiate School Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2017 chini ya jina la shule ya wasichana ya London, ni ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana na hufundisha mtaala wa IB, ambao ni mfumo mwingine kabisa wenye makao yake Geneva.

Ushahidi wa kuaminika zaidi hutoka kwa wakaguzi, mradi mzazi ajue kila ukaguzi unapima nini. Shule kusajiliwa na Cambridge maana yake ni kwamba imeruhusiwa kufundisha silabasi zake na kusimamia mitihani yake. Haimaanishi kwamba maisha yake yote yamekaguliwa. Wizara ya Elimu ya Uingereza ina mpango wa hiari wa kukagua shule za Kiingereza zilizo ng'ambo, unaojulikana kwa kifupi BSO, ambapo wakaguzi walioidhinishwa huzipima kwa vigezo vinavyolingana na vya shule binafsi za England, vikiwemo usalama wa mtoto na uchunguzi wa walimu kabla ya kuajiriwa. Katika nchi ambazo serikali haichapishi ripoti za ukaguzi, kukosekana kwa cheti hicho ni sababu ya kuuliza maswali makali zaidi.

Dubai ina mamlaka yake, KHDA, ambayo tangu mwaka wa masomo 2008/2009 imekuwa ikichapisha ripoti za shule binafsi zikiwa na madaraja yanayoanzia bora kabisa hadi dhaifu sana. Wazazi wengi husoma daraja na kufunga ripoti, na huko ni kupoteza sehemu yenye thamani kubwa, kwa sababu kurasa za mwanzo huorodhesha idadi ya walimu, taifa wanakotoka wengi wao, uwiano wa walimu na wanafunzi, na asilimia ya walimu walioondoka katika mwaka uliotangulia. Takwimu hiyo ya mwisho inafaa isomwe kwanza. Mikataba ya walimu katika Ghuba mara nyingi ni ya miaka miwili, na shule inayopoteza theluthi ya walimu wake kila mwaka haiwezi kumhakikishia mtahiniwa kwamba aliyemwanzishia kozi ndiye atakayeimalizia. Tarehe ya ripoti nayo itazamwe, kwa kuwa KHDA haikufanya ukaguzi kamili wa kawaida katika mwaka wa 2024/2025, na daraja lililobandikwa langoni linaweza kuwa la uongozi uliokwisha kuondoka.

Mtoto naye hupimwa. Mtihani wa kuingilia unaotumika sana ni CAT4, ambao haupimi yaliyofundishwa bali uwezo wa kufikiri, katika sehemu nne: kwa maneno, kwa namba, kwa maumbo, na kwa kuona vitu katika nafasi. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi huweza kupata alama za juu katika maumbo na za chini katika maneno, na pengo hilo linaonyesha kwamba anahitaji msaada wa lugha, wala halisemi chochote juu ya akili yake. Shule inayofaa humweleza mzazi hivyo na kumpa mpango: mwalimu gani wa Kiingereza cha ziada, vipindi vingapi kwa wiki, kwa muda gani, na kama vinalipiwa juu ya ada. Shule inayomkataa mtoto kwa wastani wa alama pekee, bila kuutazama mchanganuo wake, imejieleza vya kutosha, na mzazi hana hasara kuiacha.

Sheria za nchi huongeza mzigo ambao mtaala wa England haukuupanga. Katika Falme za Kiarabu, wanafunzi wasio Waarabu husoma Kiarabu kwa lazima mpaka Mwaka wa 10, na Waislamu husoma elimu ya Kiislamu pia, jambo ambalo familia nyingi za pwani hulipokea kwa furaha, lakini linalopunguza vipindi katika mwaka uleule ambao kozi ya IGCSE inaanza. Familia inayokusudia kurudi Tanzania inapaswa vilevile kujua kwamba NECTA hulinganisha matokeo ya mitihani ya nje na ya ndani kwa kutazama vyeti vya bodi, wala si ripoti nzuri za shule, hivyo mtoto anayeondoka kabla ya kufanya mtihani hurudi bila kitu cha kulinganishwa.

Kiswahili chenyewe kina nafasi katika mfumo huu, ingawa shule chache za Ghuba hukitaja. Cambridge na Pearson zote hutunga mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE, na shule isiyo na mwalimu wa somo hilo inaweza kumsajili mtoto anayejiandaa nyumbani au kwa mwalimu wa mtandaoni, kama inavyofanyika kwa lugha nyingine za nyumbani. Usajili hufanywa na shule ikiwa kituo cha mtihani, na bodi inayotumika lazima iwe ile ambayo shule imesajiliwa nayo. Kwa hiyo ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kabla ya Mwaka wa 10 kuanza, wakati orodha ya masomo ya mtoto bado haijafungwa.