Deni Kabla ya Fungu

Aghalabu mtu wa pwani afapo pasi na kuacha wasia, hutokea jamaa ambao, hata matanga hayajaondolewa, wamekwisha anza kuulizana nyumba itakuwa ya nani na minazi itakuwa ya nani, ilhali sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayoshika mirathi ya Waislamu wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, haimruhusu mrithi yeyote kutwaa fungu lake mpaka haki zilizotangulia zimekwisha kutimizwa.

Kwanza ni gharama za maziko, kisha madeni. Na wasia, lau ungalikuwapo, ungalifuata hapo, bila ya kuvuka thuluthi ya kilichobaki. Katika madeni ndimo mjane anamodhulumiwa mno. Mahari ambayo mume aliiahidi siku ya nikahi na asiimalize kuilipa ni deni juu yake kama deni la dukani. Mauti hayalifuti, na mjane hulidai kwa haki ya mdai kabla hajaingia katika hesabu ya warithi. Akitaka kusamehe, na asamehe kwa ridhaa yake mwenyewe. Lakini kumkalisha mbele ya wazee, machozi hayajamkauka, na kumshurutisha aseme amesamehe, hiyo ni dhulma.

Tuseme marehemu, ambaye wazazi, babu na bibi zake wamekwisha mtangulia, ameacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na binti mmoja, na baada ya maziko zimebaki shilingi 8,500,000, naye alikuwa akidaiwa mahari shilingi 500,000. Mahari hutolewa kwanza. Katika milioni 8 zilizosalia mke hupata thumni, yaani milioni 1, na milioni 7 hugawanywa kwa watoto, kila mwana milioni 2 na binti milioni 1. Mjane huondoka na shilingi 1,500,000. Mahari ikifichwa, ataambulia shilingi 1,062,500 tu, na tofauti hiyo itakuwa imeingia katika mifuko ya watoto pasi na haki. Wake wakiwa wawili au zaidi, hushirikiana thumni ile ile moja. Na marehemu asipoacha mtoto wala mjukuu kwa mwanawe wa kiume, hupanda ikawa robo.

Huko Kenya hukumu ya mirathi hii hutolewa na Kadhi. Zanzibar, pamoja na Kadhi, iko pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayoshughulikia mirathi. Lakini Kadhi huhukumu kwa ushahidi. Basi ewe uliyeoa na ungali unadaiwa mahari, ilipe ungali hai, au uandike kiasi kilichobaki mbele ya mashahidi wawili, na karatasi hiyo umkabidhi mkeo.