Tuliza Moyo Wako, Mtoto Naye Atatulia

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya watoto wetu, lakini tutaanza na sisi wakubwa, na mtaona sababu.

Tuwaze nyumba moja. Mtoto wa miaka 7 alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Usiku anashtuka na kulia. Asubuhi anashikilia kitenge cha mama, hataki kwenda shule. Kaka yake wa miaka 15 amekuwa mkali, akiitwa haitiki. Jirani mmoja anasema, "Hao wamerogwa." Mwingine anasema, "Hawana adabu, wachape."

Ndugu msikilizaji, mara nyingi si uchawi wala utundu. Mtu aliyekimbia bunduki, mwili wake hubaki macho kama mlinzi wa usiku, hata baada ya kufika mahali pa usalama. Mtu mzima anaweza kusema, "Nina hofu." Mtoto mdogo hana maneno hayo, kwa hiyo mwili wake unasema kwa niaba yake: anakojoa kitandani, tumbo linamuuma, anaota ndoto mbaya. Kijana naye anasema kwa hasira au kwa kunyamaza. Watoto wengi hupata nafuu maisha yakitulia.

Sasa mtoto anajuaje kwamba hatari imepita? Anamtazama usoni mtu anayemlea. Uso ukiwa umetulia, na yeye anatulia. Uso ukiwa umejaa hofu au hasira, anaelewa kwamba hatari bado ipo.

Na hapo ndipo mzigo ulipo. Nyuso zetu zimechoka. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa 2 mwaka 2021 ukabaki asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Sufuria ikiwa tupu, ugomvi wa baba na mama huanza kwa neno dogo, na fimbo humwangukia asiye na kosa. Hatusemi hivi ili kumlaumu mzazi. Tunasema ili tujue hasira ile inatoka wapi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Je, mtu mwenye mawazo mengi hivyo anaweza kusaidiwa bila daktari mkubwa? Jibu moja lilitoka hapa hapa kwetu, Rhino Camp. Watafiti walifanya kazi na wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika vijiji vingine wanawake walikaa kwa vikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa sauti, wakapewa na kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliofundishwa kwa muda mfupi tu. Miezi mitatu baadaye, wanawake hao walikuwa na dhiki ya moyo iliyopungua kuliko wenzao ambao hawakukaa kwenye vikundi hivyo.

Utafiti ule uliwapima akina mama, haukuwapima watoto. Lakini kila aliyelelewa na mama anajua tofauti ya siku ambayo mama ametulia na siku ambayo hajatulia.

Moja ya mambo waliyofundishwa ni kutia nanga, kama mtumbwi wakati wa dhoruba. Nanga haizuii dhoruba. Inazuia mtumbwi usichukuliwe na maji. Tufanye pamoja sasa.

Kaa vizuri. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili, usikie udongo. Pumua polepole. Toa hewa yote, kisha acha iingie yenyewe. Yatambue mawazo uliyo nayo, usipigane nayo: "Ninawaza juu ya unga." Sasa tazama vitu vitatu vilivyo karibu nawe. Sikiliza sauti: kuku, watoto, upepo. Mawazo bado yapo, lakini na wewe upo hapa.

(Kimya cha sekunde 10.)

MTANGAZAJI: Zoezi hili halileti unga. Linakupa nafasi ndogo kati ya hasira na mkono wako. Fanya kabla ya kumjibu mtoto, hata ukiwa kwenye foleni ya maji.

Ukishatulia, haya yanamsaidia mtoto. Kwanza, siku iwe na mpangilio: saa ya kuamka, ya kuchota maji, ya shule, ya kulala. Mtoto anayejua kitakachofuata hupunguza hofu. Pili, mwache acheze. Akicheza vita kwa vijiti, usimpige, anajaribu kuelewa aliyoyaona. Tatu, akikojoa kitandani, usimwaibishe mbele ya wenzake. Anika blanketi, nyamaza, mpeleke nje kabla ya kulala. Nne, kijana mpe kazi yenye maana, na umuulize mkiwa mnalima au mnatembea. Maneno hutoka kwa urahisi zaidi mkiwa hamtazamani uso kwa uso.

Tena usibebe mzigo peke yako. Wazee wengi wenyeji wa West Nile walikimbilia Congo na Sudan baada ya mwaka 1979, na wao walilea watoto ugenini. Bibi jirani anaweza kukushikia mtoto saa moja ili upumzike.

Sasa, kuna dalili ambazo hazingoji. Mtoto akikataa kula kwa siku nyingi, akianguka kifafa, akijiumiza, au akisema anataka kufa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kuna anayempiga vibaya, kumbaka au kutaka kumwoza, mwone kiongozi wa RWC au mfanyakazi wa ulinzi wa watoto, au piga 116. Ni namba ya serikali ya Uganda kwa ajili ya watoto, na simu haina malipo. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.

Swali la kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji: hasira inapokushika, ni nani karibu nawe anayeweza kukaa na watoto mpaka utulie? Mtajeni jina kila mmoja kabla hamjaachana, na kesho mwende mkamwombe.



(Muziki wa kufunga.)